Afya ya Akili Tangu Tumboni hadi Uzeeni

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa niaba ya kamati huko Muhima, Kigali, mbele ya wajumbe wa kambi, wakimbizi wanaoishi mjini na wahudumu wa mashirika, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni. Tumeyachapa kama yalivyosemwa, ila maamkizi tumeyaondoa.)



Wengi wetu tuliijua Muhima kwa miguu kabla ya kuijua kwa jina. Mtu aliyeshuka kwenye basi pale Nyabugogo akitokea upande wa Goma au Bukavu, akaupanda mlima huu na mfuko mmoja mkononi, hakuuliza mtaa unaitwaje. Aliuliza njia ya kwenda mjini. Akina mama wa Kigali nao wanaijua Muhima kwa hospitali yake, ambayo kwa miaka mingi imejulikana kwa kuzalisha. Na ukipanda juu kidogo unafika kwenye kanisa la Sainte-Famille, ambako mwaka 1994 watu waliokimbilia humo walitolewa na kwenda kuuawa. Tena leo tumo ndani ya zile siku 100 za Kwibuka zinazoanza 7 Aprili. Hatuwezi kuzungumzia moyo wa mwanadamu katika mtaa huu tukajifanya hatuoni hayo yote matatu: watu wanaofika, watoto wanaozaliwa, na marehemu wanaokumbukwa.

Tumepewa somo la afya ya akili. Kwanza tuseme wazi kwamba jina hilo linawatisha watu. Ukitangaza kambini kwamba kesho kuna mkutano wa afya ya akili, watakuja wachache, na hao wachache watakaa karibu na mlango. Kwa masikio yetu akili ikitajwa pamoja na ugonjwa maana yake ni wazimu, na wazimu ni yule mtu anayetembea uchi sokoni. Kumbe jambo lenyewe ni pana kuliko hapo, na maneno ya kulisema tunayo tangu zamani.

Mama akisema, “Nina mawazo mengi,” hasemi kwamba anafikiri vizuri. Anasema kwamba halali, kwamba chakula hakina ladha, kwamba jambo lile lile linazunguka kichwani tangu saa nane za usiku mpaka alfajiri. Washona wa Zimbabwe nao wana neno lao, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Wanyarwanda wana agahinda gakabije, huzuni iliyopita mipaka. Mwaka 1999, miaka mitano baada ya mauaji ya kimbari, watafiti waliwauliza wanavijiji wa hapa Rwanda wataje wenyewe taabu za moyo zilizowapata watu, bila kuwatajia majina ya vitabuni. Huzuni hiyo ilitajwa, na ilipopimwa ikaonekana inakaribiana sana na ule ugonjwa ambao madaktari wanautibu kila mahali duniani, ambao Watanzania siku hizi wanauita sonona. Likatajwa na neno jingine ambalo sote tumelisikia: ihahamuka. Ndani yake mna neno la mapafu. Ni kama kusema mtu ameishiwa na mapafu, pumzi imekatika. Aliyewahi kumshika mtu aliyepatwa na hali hiyo wakati wa ibada ya kumbukumbu anajua kwamba neno hilo limesema kweli tupu. Kwa Kiswahili tunaweza kuliita kiwewe, ingawa kiwewe peke yake hakifiki huko ndani kifuani.

Tumeyataja haya kwa sababu kuna watu wanaosema taabu hizi zililetwa na wazungu pamoja na makaratasi yao. Mababu waliougua huzuni walikuwapo kabla ya karatasi ya kwanza kufika.

Sasa tuone ukubwa wa jambo. Mwaka 2018 Rwanda ilifanya uchunguzi wa nchi nzima. Ilionekana kwamba mtu 1 kati ya 5 alikuwa na angalau ugonjwa mmoja wa akili au wa hisia. Miongoni mwa walionusurika mauaji ya kimbari ikawa zaidi ya nusu, asilimia 52. Shirika la Afya Duniani nalo lilieleza mwaka 2019 kwamba katika maeneo yaliyopitiwa na vita ni karibu mtu 1 kati ya 5. Fanyeni hesabu wenyewe kwa mstari wa nyumba mnamokaa. Lakini tugeuze hesabu hiyo upande wa pili pia, kwa maana mashirika husahau kuigeuza: katika watu watano waliopita vitani, wanne hawaugui. Wanahuzunika, wanaota ndoto mbaya, wanalia siku ya kumbukumbu, na asubuhi wanaamka kwenda kuchota maji. Kulia si ugonjwa. Mtu aliyefiwa na nduguze wote asipolia, huyo ndiye tungemwangalia kwa makini.

Tuanze na mtoto, maana ndiko maisha yanakoanza. Mama mjamzito ambaye hajui mume wake yuko wapi, ambaye posho yake imepungua na ana watoto wengine watatu wanaomtazama, anabeba mimba mbili: ile ya tumboni na ile ya kichwani. Baada ya kujifungua wapo wanaolia siku mbili tatu kisha inakwisha, na hilo ni jambo la kawaida. Lakini yupo anayeendelea wiki baada ya wiki, hataki kumshika mtoto, au anamnyonyesha huku akitazama ukuta. Majirani husema, “Hampendi mtoto wake,” au “Amerogwa na mke mwenza.” Tunaomba mseme: huyu mama anaumwa. Mama mkwe aende kumkandia maji ya moto, shangazi amchukue mtoto mkubwa kwa muda, na mmoja wenu amsindikize kwa muuguzi. Mtoto mchanga hasikii maneno, lakini anasoma uso. Anapotazama uso usiomjibu kwa muda mrefu, naye anaacha kuita, na hapo ndipo hata uzito wake huanza kushuka kwenye mizani ya kliniki. Ndugu wahudumu, mkiona mizani inashuka, pamoja na kuuliza uji, muulizeni mama analala saa ngapi.

Mtoto mkubwa kidogo hasemi “nina huzuni.” Anakojoa kitandani akiwa na miaka minane. Anaumwa tumbo kila asubuhi ya shule. Anapiga wenzake, au ananyamaza kabisa, na huyo anayenyamaza ndiye husifiwa kwamba ana adabu. Fimbo haiponyi kikojozi, inamwongezea hofu tu, na hofu ndiyo inayokojoa. Kinachomsaidia ni mambo ambayo hayahitaji mradi: saa ya kula isiyobadilika, shule, mpira, hadithi za bibi usiku, na mtu mzima mmoja asiyetoweka. Mkimficha kifo cha baba yake kwa kumwambia kwamba amesafiri, ataendelea kumngoja njiani kwa miaka. Mwambieni kweli kwa maneno madogo, na mkae naye.

Kwa vijana inafaa tukae zaidi.

Kambi ya Kiziba ilianza mwaka 1996. Kambi ya Gihembe ilianza 1997 kwa ajili ya watu waliotoka Mudende, baada ya mashambulizi ya Agosti na Desemba mwaka huo ambayo yaliwaua wakimbizi ndani ya kambi yenyewe. Mtoto aliyezaliwa Gihembe mwaka 1998 alisoma hapo, akacheza hapo, akapata mchumba hapo. Mwaka 2021 kambi hiyo ikafungwa kwa sababu ya mmomonyoko wa udongo, watu wakahamishiwa Mahama. Kijana huyo hakuwahi kuuona ule mji wa Masisi anaoimbiwa na mama yake, na sasa hata mahali alipozaliwa hapapo tena. Mnamwambia awe na moyo wa matumaini. Matumaini ya nini? Mnapaswa kumjibu swali hilo kabla ya kumlaumu kwa kukaa kibarazani.

Mwezi Machi 2021, fedha za PAM zilipopungua, mgao wa wakimbizi hapa Rwanda ulikatwa kwa asilimia 60. Tangu hapo umepanda na kushuka, na mnajua wenyewe ulipo leo. Kijana aliyemaliza sekondari alitazama fedha ile kwenye simu ya mama yake akajiona yeye ni mdomo mmoja wa ziada. Wazo hilo ni hatari kubwa. Linaanza kama utani: “Mimi ningekuwa sipo mngeshiba.” Baadaye anagawa vitu vyake, shati zuri kwa mdogo wake, simu kwa rafiki. Anaaga watu bila safari. Au mtu aliyekuwa na huzuni miezi mingi anatulia ghafula, na nyumba nzima inamshukuru Mungu.

Hapo tunaomba muwe na ujasiri wa kuuliza kwa maneno yenyewe: “Unafikiria kujiua?” Watu wengi huogopa kwamba wakiuliza watampandikizia wazo. Hawampandikizii. Wazo likiwapo lilikuwapo tayari, na mara nyingi kuulizwa ndiko kunakompumzisha, maana alidhani hakuna anayeona. Akikubali, asiachwe peke yake hata dakika tano. Ondoeni karibu naye kila kinachoweza kumdhuru. Msimhubirie wakati huo kwamba kujiua ni dhambi, anajua. Mkae naye, mmsindikize kituo cha afya usiku huo huo. Rwanda ina namba 912 ya gari la wagonjwa, na namba 114 ya bure ya huduma za afya ambayo hutumika pia kwa taabu za akili. Na akirudi nyumbani, msimgeuze hadithi ya kisimani.

Bangi na pombe kali tutazitaja kwa ufupi kwa sababu zimeshasemwa sana. Kijana hunywa ili alale. Ukimnyang’anya chupa bila kumpa usingizi, atatafuta chupa nyingine.

Baba naye. Huko nyumbani alikuwa na ng’ombe, au na duka, au alikuwa mwalimu aliyesimamiwa na watoto darasani. Hapa kadi ya posho mara nyingi iko kwa mama, na mradi unataka kina mama. Hatusemi mradi ufutwe. Tunasema kwamba mwanamume hana neno la kusema “nimevunjika,” kwa hiyo husema kwa ngumi au kwa glasi. Mke aliyepigwa asiambiwe avumilie kwa sababu mume wake ana kiwewe. Kiwewe ni ugonjwa, na kumpiga mke ni kosa, na mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili; apelekwe kwa daktari, na mke alindwe. Kuhusu akina mama waliofanyiwa ukatili vitani, tutasema moja tu katika kadamnasi hii: asilazimishwe na mtu yeyote kusimulia. Si na kamati, si na mchungaji, si na mgeni mwenye kamera.

Wazee wetu, mtuwie radhi tukiwagusa kwa haraka. Mzee aliyeanza kusahau njia ya kurudi nyumbani, anayemwita mjukuu kwa jina la mtoto aliyekufa mwaka 1996, anayetoka usiku akisema anakwenda kufungulia ng’ombe, huyo si mchawi. Ubongo unachakaa kama magoti. Tunasema hili kwa ukali kwa sababu kuna mahali mabibi wametengwa kwa neno hilo. Na mzee mwenye akili timamu kabisa huugua upweke: vijana wamepelekwa Marekani au Kanada, na yeye amebaki na picha. Mpelekeeni watoto awafundishe methali, naye atawafundisha na atakula.

Tunakuja sasa kwenye magonjwa makubwa, yale ambayo maneno na kukaa pamoja havitoshi.

Kifafa si wazimu, ni ugonjwa wa ubongo, lakini hapa Rwanda mara nyingi hutibiwa na wauguzi wale wale wa afya ya akili. Hakiambukizi. Mate ya mgonjwa hayana kifafa ndani yake, wala ushuzi wake, wala sahani yake. Watoto wengi wenye kifafa tunaowajua hawakuumizwa na kifafa chenyewe, waliumizwa na moto, kwa sababu walianguka jikoni na watu wakaogopa kuwagusa. Mtu akianguka, mwondoe motoni, mlaze ubavu, weka nguo chini ya kichwa, usimtie kijiko mdomoni, usimshike kwa nguvu, na ungoje. Ikizidi dakika tano, ita gari. Dawa za kifafa si za bei kubwa, ila zinamezwa kila siku kwa miaka, hata mgonjwa akijiona amepona. Anayeziacha ghafula kwa sababu ameombewa anaweza kuanguka vibaya kuliko mwanzo. Aombewe, na ameze. Hatujaona kitabu kitakatifu kinachokataza kumeza kidonge baada ya kusema amina.

Mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anayeamini kwamba majirani wote wanamfuata, anayeacha kuoga na kuongea peke yake, naye ana ugonjwa unaotibika. Amefungwa kamba na ndugu zake si kwa ubaya. Wamechoka, nao wanaogopa asipotee. Lakini kamba hula mkono na haifiki kwenye ugonjwa. Njia ni hii: kituo cha afya, halafu hospitali ya wilaya ambako kuna muuguzi wa akili, na ikishindikana hapo, Ndera.

Jina la Ndera tunalisikia likitumika kama tusi. “Wewe ni wa Ndera.” Hospitali hiyo iko upande wa mashariki wa Kigali, inaendeshwa na shirika la Mabruda wa Upendo, ambalo lilianzia Ubelgiji mwaka 1807. Mwezi Aprili 1994 watu wengi walikimbilia humo, na baada ya wageni kuondolewa na askari wa Ubelgiji, waliobaki waliuawa, wagonjwa pamoja na wakimbizi. Hospitali ikafunguliwa tena. Mtu anayefanya jina hilo kuwa mzaha ajue anachezea kaburi.

Wakati ule Rwanda karibu haikuwa na daktari wa akili. Mmoja aliyerudi ni Naasson Munyandamutsa, aliyekuwa amesomea Geneva. Alikuta ndugu zake wengi wameuawa, akakaa na kufanya kazi na kufundisha wengine mpaka alipofariki mwaka 2016. Lakini hakuna nchi inayoweza kuponya mamilioni kwa madaktari wachache. Kazi ilifanywa na watu wa kawaida. Mwezi Januari 1995 wajane 50 walianzisha AVEGA. Walianza kwa kukaa pamoja, yaani kwa kile ambacho mjane hukosa kuliko vyote. Mwaka 2005, katika dayosisi ya Kianglikana ya Byumba, yakaanza makundi yanayoitwa sosioterapia, na tangu hapo yamefika hata kwa wakimbizi wa Kongo hapa Rwanda na Uganda.

Tueleze makundi hayo yanavyokwenda, kwa sababu yanafaa kambini na hayahitaji jengo. Watu kumi hadi kumi na watano wanakutana mara moja kwa wiki, saa tatu hivi, kwa wiki 15. Wanaowaongoza ni majirani waliofundishwa. Kwanza wanazungumza juu ya usalama: ni nini kinachotufanya tujione salama hapa tulipokaa? Kisha kuaminiana, kisha kutunzana, kisha heshima, kisha kanuni mpya za kuishi. Kumbukumbu za yaliyopita huja mwisho. Tumelifikiria sana jambo hilo. Mhudumu wa shirika hukutana na mkimbizi mara ya kwanza, wala hajampa kiti, na swali la kwanza ni: “Eleza yaliyokupata.” Hawa wa Byumba wanaliacha swali hilo hadi watu wawe wameshashirikiana chumvi.

Msidhani ni maneno ya kujifariji. Katika kambi ya Nakivale, Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulifuatilia wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia wenye kiwewe. Waliowatibu walikuwa wakimbizi wenzao, waliofundishwa kwa majuma machache tu, na wagonjwa wengi walipata nafuu kubwa. Kule Harare, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza na mabibi 14 wanaokaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, na utafiti uliotoka 2016 ukaonyesha kwamba waliokaa na mabibi walipona kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mabibi tunao. Mabenchi tutayagonga wenyewe. Kinachobaki ni mafunzo, na mtu wa kuwasimamia mabibi hao wasije wakalemewa na siri za watu.

Tuseme neno juu ya siri, maana hapo ndipo makundi mengi hufa. Kambini kuta ni nyembamba. Mshauri ni jirani yako, dada yake anauza nyanya karibu nawe. Mshauri atakayetoa siri aondolewe siku hiyo hiyo, bila kikao kirefu. Isipokuwa mambo mawili: mtu akitaka kujiua au kumwua mwingine, na mtoto akiwa anaumizwa. Hayo mawili husemwa kwa anayehusika, na mgonjwa aambiwe hivyo tangu siku ya kwanza.

Kuna na uvumi unaotembea, kwamba ukionekana kliniki ya akili jina lako litafutwa kwenye orodha ya kwenda nchi ya tatu. Kwa sababu hiyo kuna watu wanaoficha watoto wao wenye kifafa ndani ya nyumba. Katika taratibu za HCR, mahitaji ya matibabu ni mojawapo ya sababu ambazo huangaliwa, si sababu ya kumfuta mtu. Wala msiligeuze hilo upande wa pili mkaanza kujifanya wagonjwa. Safari inaamuliwa na nchi zinazopokea, na nafasi siku hizi ni chache mno. Tunawaomba wahudumu wa ofisi ya ulinzi walieleze jambo hili wenyewe, kwa mdomo, katika kila mtaa wa kambi, kwa sababu tukilieleza sisi wa kamati watu watasema tumetumwa.

Ndugu wahudumu, maombi yetu kwenu ni machache. Mwaka 2007 mashirika ya kimataifa yalikubaliana mwongozo wa misaada hii, wakauchora kama piramidi. Juu kabisa, sehemu ndogo, ni madaktari. Chini, sehemu kubwa inayobeba nyingine zote, ni usalama, chakula, maji na malazi yanayotolewa kwa heshima. Mkikata mgao kisha mkaleta semina ya kupunguza mawazo, mmeanza kuezeka nyumba isiyo na msingi. Tunajua fedha hazikatwi na ninyi mnaokuja hapa kwa pikipiki na gari. Basi yapelekeeni maneno haya waliokaa juu.

Msiwatumie watoto kama wakalimani. Mama wa Kifulero au Kibembe anapelekwa kwa muuguzi asiyejua lugha yake, mtoto wake wa miaka kumi anaitwa atafsiri, na mama anaulizwa ni nini kilimpata njiani. Mama atanyamaza, na ana haki ya kunyamaza. Kambi ina watu wazima wanaojua lugha nne. Wafundisheni, na muwalipe posho kidogo.

Na msije na fomu inayoanza upya kila mradi unapobadilika jina. Mtu aliyesimulia kifo cha watoto wake mara saba kwa mashirika saba hajatibiwa mara saba.

Mwisho ni jambo la kazi. Tarehe 13 Agosti inakuja, siku ya Gatumba, ambapo mwaka 2004 zaidi ya wakimbizi 150 waliuawa usiku katika kambi ya muda ndani ya Burundi. Desemba itakuja ya Mudende. Siku hizo kuna watu watakaoanguka na kupiga kelele. Kamati inaomba kila mtaa wa kambi ulete majina ya watu wawili, mwanamke na mwanamume, watulivu, wasio wanywaji, kabla ya mwisho wa Julai. Watafundishwa hivi: kumtoa aliyeshikwa na kiwewe katikati ya umati na kumpeleka mahali penye hewa, mtu mmoja tu kuzungumza naye, kwa jina lake, kwa sauti ya chini, kumwambia yuko wapi, leo ni mwaka gani, na kwamba yaliyo mbele ya macho yake yamepita, kupumua naye polepole, kutomkandamiza chini na kutommwagia maji, na kuwazuia wenye simu wasimpige picha. Baadaye asindikizwe nyumbani, na kesho yake mtu apite kumjulia hali.

Tunaomba hema moja lenye mikeka na maji ya kunywa lisimamishwe pembeni ya uwanja, si karibu na vipaza sauti. Shitingi za hema hilo tayari zimeombwa; tunangoja jibu. Wanaotaka kuandikwa kwenye kundi la kwanza la wiki 15 wamwone katibu leo kabla ya kupanda magari.